Kikapu kinachoachwa bila kulipiwa: je, ni kosa la ukurasa wa kikapu?

#1 Mpima_Kurasa (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Nimepewa kazi ya kutathmini ukurasa wa kikapu wa duka moja la mtandaoni, na wenye duka wamenikabidhi takwimu moja tu kama ushahidi kwamba ukurasa huo una kasoro: katika kila watu kumi wanaoweka bidhaa kikapuni, saba huondoka bila kulipa. Wanataka ripoti itakayoeleza ni kitu gani kibadilishwe ili hao saba wabaki.

Kabla sijaanza, ninaomba tujadili dai ambalo nimekuwa nikilitafakari: takwimu hiyo haipimi hata kidogo urahisi wa matumizi wa ukurasa wa kikapu. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekusanya tafiti za watu mbalimbali kuhusu jambo hili, inatoa wastani wa takriban asilimia 70, kwa hiyo duka hili halina tofauti na mengine. Tena kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaangalia mambo matatu: kama mtumiaji alifikia lengo lake, kama alilifikia bila kupoteza muda na nguvu nyingi, na kama aliridhika. Neno zito hapo ni “lengo lake”. Aliyeweka jozi tatu za viatu kikapuni ili aone jumla, akaiona, akafunga ukurasa, amefikia lengo lake kikamilifu, ingawa katika daftari la mwenye duka ameandikwa miongoni mwa waliopotea.

Swali langu ni hili: mnapotathmini ukurasa wa aina hii, mnahesabu nini kuwa kosa, na mnajuaje kwamba ni kosa la ukurasa wala si uamuzi wa mnunuzi?

#2 KalamuYaWino

Mleta mada, naomba kutofautiana nawe mapema. Kusema takwimu hiyo haipimi “hata kidogo” ni kuvuka mpaka. Ikiwa peke yake haisemi mengi, nakubali, lakini ukiigawanya inaanza kuzungumza. Watenge wanaotumia simu na wanaotumia kompyuta, wateja wapya na wa zamani, wiki ya kabla na ya baada ya mabadiliko, kisha utazame tofauti zao.

Mahali nilipowahi kufanya kazi, idadi ya wanaoondoka kwenye kikapu ilipanda ghafla ndani ya wiki moja, na bei hazikuwa zimebadilika. Tulipofungua ukurasa kwa simu yenye skrini ndogo tulikuta kwamba lile tangazo la kuomba ridhaa ya vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kifaa cha mtu ili imkumbuke), lililoongezwa wiki hiyohiyo, limekaa juu kabisa ya kitufe cha kuendelea na malipo. Aliyelikubali tangazo aliona kitufe. Aliyelipuuza hakukiona kamwe. Hakuna mteja hata mmoja aliyetuandikia kulalamika. Ni takwimu hiyo unayoidharau iliyotuita.

#3 FundiVitufe

Mimi ningeziweka takwimu kando kwanza, nikae pembeni ya mtu anayenunua. Niliwahi kumtazama mama mmoja akitaka kubadilisha idadi ya sahani kutoka 1 hadi 6 kwa simu yake. Alikigusa kisanduku cha idadi, kibodi ikapanda na kufunika nusu ya skrini, akafuta ile 1 ili aandike 6. Papo hapo kisanduku kilipobaki kitupu, programu iliusoma utupu huo kuwa sifuri, na sahani zikaondolewa kikapuni. Mama alibaki ameinua kidole juu ya kioo, akaniuliza, “Zimeisha?” Alidhani duka limeishiwa na sahani. Akafunga ukurasa, na lau ningempa hojaji angejibu kwa moyo mweupe kwamba bidhaa aliyoitaka haikuwapo.

Ndiyo sababu siyategemei sana maelezo ambayo watu hutoa baada ya tukio. Mtu hawezi kueleza kosa ambalo hakulitambua kuwa ni kosa.

Nina kisa kingine cha aina hiyo. Mshiriki alibonyeza alama ya kujumlisha mara moja, skrini ikakaa kimya kwa zaidi ya sekunde mbili, akabonyeza tena, kisha tena. Seva, yaani kompyuta ya duka inayopokea maombi, ilipozinduka ikampa vipande vinne badala ya viwili. Vile vikomo vya muda alivyovieleza Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, yaani sekunde 0.1 ili mtu ahisi ameitikiwa papo hapo, sekunde 1 ili mawazo yake yasikatike, na sekunde 10 kabla hajaenda kufanya mambo mengine, huonekana waziwazi kwenye ukurasa wa kikapu kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Hapo ndipo mtu anagusa kitu kidogo na kutarajia hesabu nzima ibadilike mbele ya macho yake.

Zipo pia kurasa zinazomtaka mtu abadilishe idadi kisha abonyeze “Sasisha kikapu”. Wengi hawakioni kitufe hicho. Wanaendelea kulipia idadi ya zamani.

#4 Hesabu_za_Jioni

FundiVitufe, kisa cha sahani kimenigusa, lakini nadhani sote tunazunguka mbuyu. Sababu kuu ni gharama. Katika hojaji za Baymard hiyohiyo aliyoitaja mleta mada, gharama za ziada, yaani usafirishaji, kodi na ada, ndizo zinazoongoza mwaka baada ya mwaka miongoni mwa sababu zinazotajwa. Inafaa nimtendee haki mleta mada hapa: orodha hiyo hupatikana baada ya kuwaondoa waliosema kwamba walikuwa wakiangalia tu, na hao huwa ni sehemu kubwa ya waliohojiwa. Kwa hiyo kila upande una chake cha kushika.

Hata hivyo gharama si jambo la bei peke yake, kwa kuwa ukurasa una wajibu wa kuisema mapema. Kurasa nyingi huandika “Jumla” mahali ambapo kwa kweli ni jumla ya bidhaa tu, kabla ya usafirishaji na kodi. Mnunuzi anafanya uamuzi wake kwa namba hiyo, anajaza anwani, anajaza namba ya simu, kisha kwenye ukurasa wa tatu anakutana na namba nyingine iliyo kubwa zaidi. Wenye duka hujitetea kwamba hawawezi kukokotoa usafirishaji bila kujua anwani. Wangeweza kuandika kiwango cha chini na cha juu, au kuomba jina la eneo tu pale pale kikapuni, au angalau kuandika kwamba usafirishaji haujajumuishwa, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa hiyo namba.

Kipimo ninachokitumia ni chepesi. Mshiriki akiwa kwenye ukurasa wa kikapu, kabla hajabonyeza chochote, namwomba anitajie kiasi kitakachotoka mfukoni mwake kwa ujumla. Naliandika jibu lake kwenye karatasi. Akifika mwisho ninalinganisha. Yakitofautiana, ukurasa umeshindwa, hata kama amelipa.

#5 Mwanagenzi

Shukrani kwa mleta mada, ninajifunza mengi. Naomba kuuliza: huyu mshiriki mnayemzungumzia ni mmoja, ni kumi, au ni mia? Nilifundishwa kwamba watu watano wanatosha kwa jaribio lolote la urahisi wa matumizi. Na je, haiwezekani mtaalamu mmoja akaupitia ukurasa kwa kufuata zile kanuni kumi za Nielsen za kukagua urahisi wa matumizi, akaandika ripoti bila kumsumbua mtu yeyote?

#6 Jicho_la_Tatu

Mwanagenzi, hapo kuna mambo mawili yanayofaa kurekebishwa kwa upole.

Hoja ya watu watano inatokana na makala ya Nielsen ya mwaka 2000, iliyojengwa juu ya hesabu aliyoifanya pamoja na Thomas Landauer mwaka 1993. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja kwa wastani aliibua asilimia 31 ya matatizo yaliyokuwapo, na kwa kiwango hicho watu watano huibua takriban asilimia 85. Shika neno “kwa wastani”. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi, kwa mfano lile la kisanduku kinachogeuka sifuri kwa wale tu wanaofuta kabla ya kuandika, lina nafasi ya takriban asilimia 41 tu ya kuonekana mbele ya watu watano. Pia hesabu hiyo inahusu kugundua matatizo. Ukitaka kupima, mathalani kusema kwamba watu wengi zaidi hukamilisha kazi kwenye toleo jipya kuliko la zamani, watano hawakupi chochote cha kushika. Na ikiwa wanunuzi wako ni makundi yanayotofautiana sana, kila kundi linahitaji watu wake.

Kuhusu kanuni, njia hiyo ilianzishwa na Nielsen na Rolf Molich mwaka 1990, na orodha ya kumi tunayoijua leo ikawekwa sawa mwaka 1994. Wenyewe hawakushauri mtathmini mmoja. Walishauri watatu hadi watano, kila mmoja apitie ukurasa peke yake kabla ya kukutana, kwa sababu mmoja hukosa kuona mengi ambayo mwenzake ataona. Kwenye kikapu ningeanza na kanuni mbili tu: mtumiaji aone hali ya mfumo, na awe na njia ya kurudi nyuma. Bonyeza alama ya kuondoa bidhaa, kisha utazame kama kuna mahali pa kuirudisha. Mara nyingi hapana.

#7 SautiYaSkrini

Nimesoma machapisho yote sita, nami naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Mimi sioni, na ninanunua kwa kutumia programu ya kusoma skrini. Kwenye ukurasa wa kikapu mmoja nilioutumia hivi karibuni nilikuwa na bidhaa sita, na kila nilipoteremka programu ilinisomea jina la bidhaa, kisha: “kitufe, kitufe, kitufe.” Vitufe vitatu visivyo na jina. Mwenye macho huona alama ya kutoa, alama ya kujumlisha na picha ya pipa la taka, ilhali mimi ninasikia neno moja likirudiwa mara tatu, na nikikosea nimefuta nilichokitaka.

Nilibahatisha cha pili. Kimya. Sikujua kama idadi imeongezeka, kwa hiyo nilirudi nyuma hadi kwenye kisanduku cha idadi nikasikiliza upya. Mwongozo wa WCAG 2.1, wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia kurasa za wavuti, uliotolewa mwaka 2018, una kigezo cha 4.1.3 kinachotaka ujumbe wa hali kama huo, “idadi sasa ni mbili, jumla imebadilika”, utangazwe kwa programu ya kusoma bila mtumiaji kuhamishwa kutoka mahali alipo. Nilipoondoa bidhaa moja jambo la kinyume likatokea: nilirushwa hadi juu kabisa ya ukurasa, nikaanza tena na nembo, menyu, kisanduku cha kutafuta, menyu nyingine, hadi nikarudi kwenye safu ya tatu nilipokuwa.

Niliacha kikapu kile. Katika takwimu za mleta mada mimi ni mmoja wa wale saba, nami nilikuwa na nia kamili ya kulipa.

#8 KalamuYaWino

SautiYaSkrini, ahsante sana. Chapisho lako linafaa kubandikwa ukutani mwa kila ofisi inayojenga kurasa hizi. Nyongeza fupi kwa mleta mada: yapo mambo mawili unayoweza kuyapima leo bila mshiriki yeyote. Tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandhari isipungue 4.5 kwa 1, na kwa mujibu wa WCAG 2.2 ya mwaka 2023, kila kinachobonyezwa kiwe na angalau pikseli 24 kwa 24, isipokuwa kimeachiwa nafasi ya kutosha pembeni yake. Lile neno “Ondoa” la kijivu hafifu kwenye kona ya safu hushindwa yote mawili mara nyingi kuliko unavyodhani.

#9 MsanifuLugha

Wataalamu wa vitufe mmesahau maneno yaliyoandikwa juu ya vitufe hivyo, na wewe FundiVitufe kwa jina lako ulipaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hilo.

Nilishirikishwa kukagua ukurasa wa kikapu uliotafsiriwa kwa Kiswahili, ambao kitufe chake kikuu, kile cha kwenda kulipa, kilikuwa kimeandikwa “Toka”. Aliyetafsiri alipewa orodha ya maneno bila kuonyeshwa ukurasa, akafasiri neno la Kiingereza “checkout” kama alivyoliona. Washiriki walifika hapo wakasita. Mmoja alisema, “Mbona wananifukuza kabla sijalipa?” Wengine walidhani kitawaondoa kwenye akaunti zao na kikapu kitapotea. Tulijaribu “Endelea”, wakauliza wanaendelea na nini. Tulijaribu “Lipa sasa”, wakaogopa kwamba pesa zitakatwa papo hapo, wakati kilichofuata kilikuwa ukurasa wa anwani. Kilichofanya kazi vizuri zaidi kwetu kilikuwa “Endelea na malipo”, pamoja na mstari mdogo chini yake uliosema kwamba utaweza kuhakiki agizo lako kabla ya kulipa.

Jambo jingine ni upatanisho wa kisarufi. Mfumo ulikuwa umeandikiwa sentensi moja tu yenye nafasi ya namba: “Bidhaa 1 zimeongezwa.” “Bidhaa 3 zimeongezwa.” Neno “bidhaa” halibadiliki katika umoja na wingi, hivyo ni kiambishi cha kitenzi kinachobeba taarifa. Msomaji anayeona “1 zimeongezwa” hurudi kuhesabu, akihofia kwamba kimeingia kitu ambacho hakukiomba. Programu inapaswa kupewa sentensi mbili, “imeongezwa” na “zimeongezwa”, na ichague kwa kufuata namba.

#10 FundiVitufe

MsanifuLugha, nimekubali kukumbushwa. Nami nina swali: kwa nini tunasema kikapu? Nimeona kurasa zilizoandika “mkoba” na nyingine “toroli”. Je, kuna tofauti kwa mnunuzi?

#11 MsanifuLugha

Kwa niliowaona, neno lenyewe halikuwasumbua ilimradi libaki moja kila mahali. Kilichowasumbua ni kubonyeza “Weka kikapuni” kisha kwenda kutafuta bidhaa yao mahali palipoandikwa “Mkoba wangu”.

#12 Mlinzi_wa_Seva

Naomba nirudi kwenye hoja ya kwanza ya mleta mada kwa kupitia mlango wa nyuma. Itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, inayobeba kurasa za wavuti haina kumbukumbu kwa asili yake. Kila ombi linafika kwenye seva kama mgeni mpya. Mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa mhandisi wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha wavuti, alibuni vidakuzi, na mojawapo ya kazi za mwanzo zilizomfanya avihitaji ilikuwa hiihii ya kikapu cha ununuzi: seva ikumbuke kwamba huyu ndiye aliyechagua vitu vile. Kwa maneno mengine, kumbukumbu imekuwa shida ya kikapu tangu siku yake ya kwanza, na hadi leo sioni watathmini wakiipima.

Washiriki wenu hukaa nusu saa na kumaliza. Wanunuzi halisi huweka bidhaa kwa simu asubuhi, hurudi kwa kompyuta jioni, na hurudi tena siku tatu baadaye. Kwenye mfumo mmoja niliokuwa nikiuhudumia kikapu cha mtu asiye na akaunti kilikuwa kikifutwa baada ya saa 24, kwa sababu tu mtu fulani aliandika namba hiyo zamani na hakuna aliyeihoji. Walioondoka “bila kununua” walikuwa wakirudi na kukuta kitupu. Hao utawaita walioacha kikapu, au kikapu ndicho kilichowaacha?

Kwa hiyo ninakubaliana na mleta mada kwamba watu hukitumia kikapu kama daftari. Tunatofautiana kwa kuwa yeye anaona jambo hilo linauondolea ukurasa lawama, nami naona linauongezea kazi.

#13 Nahodha_Mtulivu

Nyote mmepita karibu na sababu ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo ni kumlazimisha mtu afungue akaunti. Mwaka 2009 Jared Spool, mtafiti wa urahisi wa matumizi, alieleza kisa cha duka kubwa ambalo hakulitaja jina. Baada ya kujaza kikapu na kutaka kulipa, mnunuzi alikutana na fomu ya kuingia au kujisajili. Wapya walikerwa kwa kuombwa kujisajili, na wa zamani hawakukumbuka anwani ya barua pepe wala nenosiri walilotumia. Kitufe cha kujisajili kilipobadilishwa kuwa cha kuendelea, pamoja na maelezo mafupi kwamba akaunti si lazima, waliokamilisha ununuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na mapato ya mwaka wa kwanza yakapanda kwa dola milioni 300. Mleta mada, chunguza kinachofuata baada ya kikapu kabla hujakilaumu kikapu.

#14 Hesabu_za_Jioni

Nahodha, kisa ni cha kweli, lakini fomu ile ilikaa baada ya kikapu. Mleta mada anatathmini ukurasa wa kikapu.

#15 Nahodha_Mtulivu

Mpaka huo ni wenu ninyi mnaogawana kazi. Mnunuzi hana habari kwamba kikapu kina timu yake na malipo yana timu yake. Anajua kwamba alitaka kununua akashindwa.

#16 Jicho_la_Tatu

Kuna hatari nyingine: ukurasa unaweza kuwa mwepesi kabisa kutumia na bado ukamdhulumu mtu. Harry Brignull, ambaye mwaka 2010 alianza kuzikusanya na kuzipa majina mbinu za usanifu zenye kuhadaa, alitaja mojawapo ambayo ni ya kikapu hasa: kitu ambacho hukukiomba kinatiwa kikapuni kimyakimya, mathalani bima au dhamana ya ziada, nawe unatakiwa ukigundue mwenyewe na kukitoa. Umoja wa Ulaya, kwa Maelekezo ya 2011/83 yaliyoanza kutumika Juni 2014, ulikataza visanduku vya malipo ya ziada vilivyotiwa alama ya kukubali kabla mnunuzi hajagusa chochote, na ukataka kitufe cha mwisho kieleze bayana kwamba kukibonyeza kunaleta wajibu wa kulipa.

Ukipima kwa kuangalia wangapi wamekamilisha ununuzi na kwa muda gani, kikapu chenye hila kitapata alama za juu. Kipimo cha Hesabu_za_Jioni, kile cha kumwomba mtu ataje kiasi kabla ya kubonyeza, kingeligundua jambo hilo. Nitaanza kukitumia.

#17 Mwanagenzi

Naomba kuuliza tena. Je, hojaji ya SUS, ile ya kupima urahisi wa matumizi, haiwezi kumaliza ubishi huu? Niliwahi kuona ukurasa uliopata 70, nikaelewa kwamba asilimia 70 ya watu waliupenda.

#18 KalamuYaWino

Hapana, Mwanagenzi, na usivunjike moyo kwa sababu kosa hilo hufanywa hata katika ripoti rasmi. SUS iliandaliwa na John Brooke mwaka 1986, ina kauli kumi, za witiri zikiwa za kusifu na za shufwa za kulalamika, na matokeo yake huwekwa kwenye kipimo cha 0 hadi 100 ambacho si asilimia ya kitu chochote. Wastani unaotajwa kwa kawaida ni 68, kwa hiyo 70 ni ya katikati tu. Tena alama hiyo inakuambia mgonjwa ana homa, haikuambii homa inatoka wapi. Mama wa sahani angeweza kuupa ukurasa alama nzuri kwa kuwa aliamini sahani zimeisha.

#19 Mpima_Kurasa (mleta mada)

Wakuu, ahsanteni. Nimerudi baada ya kukaa na washiriki watatu, na ningependa kuwaonyesha nilichokiona.

Kasoro ya kisanduku ipo, FundiVitufe, ingawa kwa sura nyingine: ukifuta namba, inarudi 1 yenyewe kabla hujaandika, kisha unapoandika 6 inakuwa 16. Mmoja kati ya watatu aliagiza 16 na hakugundua hadi nilipomuuliza swali la Hesabu_za_Jioni, akataja kiasi kisichokaribia kabisa kilichokuwa kwenye skrini. Kuondoa bidhaa hakuna njia ya kurudisha. Neno “Jumla” linatumika mara mbili, kwa namba mbili tofauti. Nitatafuta pia mshiriki anayetumia programu ya kusoma skrini, kwani bila SautiYaSkrini nisingeliweka jambo hilo kwenye mpango.

Mshiriki wa tatu ndiye aliyenirudisha kwenye dai langu la kwanza. Alijaza kikapu kwa utulivu, akarekebisha idadi mbili bila shida, akaisoma jumla kwa sauti, kisha akaipiga picha skrini na kumtumia kaka yake. Nikamuuliza kama amemaliza. Akasema amemaliza vizuri sana, kwa kuwa alitaka waamue wote wawili. Katika mfumo wa duka yeye ameacha kikapu. Kwangu mimi, kwa tafsiri ya ISO, amefaulu kwa mambo yote matatu.

#20 KalamuYaWino

Nami naona kinyume kabisa, mleta mada. Mtu aliyelazimika kuipiga picha skrini amekuonyesha kazi ambayo ukurasa hauiwezi. Alihitaji kumpelekea kaka yake kikapu, akampelekea picha ya kikapu. Kaka akikubali, ni nani atakayeijaza orodha ile upya, na kwa simu ipi?

#21 Mlinzi_wa_Seva

Na ikiwa kikapu hicho kinafutwa baada ya saa 24, kaka ana hadi kesho.

#22 Hesabu_za_Jioni

Mimi ningependa kujua kama picha ile ilionyesha gharama ya usafirishaji. Ikiwa haikuonyesha, ndugu hao wawili wanajadiliana kwa namba isiyo sahihi.

#23 Mpima_Kurasa (mleta mada)

Haikuonyesha. Nimeifungua tena rekodi ya kipindi kile: juu kuna bidhaa nne, chini kuna “Jumla”, na mstari wa usafirishaji umebaki nje ya skrini, chini zaidi, mahali ambapo hakushuka.

Kwa washiriki wanne waliobaki nitabadilisha utaratibu. Kabla hawajaufungua ukurasa nitawaomba kila mmoja aniambie amekuja kufanya nini, niandike kwa maneno yake mwenyewe, na nimtafute tena baada ya siku tatu nione kikapu chake kilipofikia. KalamuYaWino, hoja yako ya picha sijaikubali bado, lakini nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.